Namna Nilibadilisha Rangi ya Ndege ya Kasugho

Bon, muketi vizuri, juu hii habari ni murefu. Mpaka leo nikipita ku soko, marché ya Butembo kuko batu banacheka mu mikono, na mie najua banacheka nini, na hakuna hata mumoja naweza kutukana, juu haki iko yao. Mie Masika, mama mukubwa, mukristu, mwenye duka ya bikwembe, bitenge bya kuvaa, tangu batoto bangu habajazaliwa, nilijipatisha haya mbele ya Chef wetu wa kimila, mbele ya padiri, mbele ya mutu wa serikali mwenye kutoka Beni, na mbele ya kilima muzima kwenye nilizaliwa. Hakuna mutu alinisukuma. Ni mie mwenyewe na kidole yangu moja, hii hapa, ya kufinya telefone.

Kwetu ni Kasugho, kule ku pori ya Lubero, hata kama mie niko Butembo miaka mingi na baridi ya Butembo iliisha kunizoea. Mudogo yangu Kakule, mwenye kuniita Yaya juu mie mukubwa yake, yeye alibakia. Kakule ni mutu wa pori kabisa, hasemi mingi, anatembea anaangalia chini, halafu anakuambia "hapa sokomutu alikaa asubui, alikula, akaenda huku", na wewe unaona majani tu. Batu ba kwetu baliunga komite ya kuchunga pori yao benyewe, hapana ngojea mutu kutoka mbali aje kubafundisha kupenda kwao, na Kakule njo balimuweka mukubwa wa balinzi: batu batano, na bottes, viatu birefu bya matope, za kutosha batu babili (banavaa kwa zamu, mwenye hana zamu anatembea na kandambili na anamuomba Mungu).

Sokomutu hakuleta shida mu ile komite. Batu balikubali zamani asiguswe, juu ukimuangalia usoni unaona sawa anataka kukuuliza habari ya nyumbani. Shida ilikuwa ndege. Mu pori yetu kuko fasi moja ya wazi, ya udongo ya chumvi, kwenye kasuku zinashukaka asubui kula ile udongo, na zamani zilikuwa mingi mpaka hausikie mwenzako akisema. Leo zinapunguka, juu kuko batu banapaka ulimbo ku matawi, kasuku inanasa, inaingizwa mu kikapo, inaenda kuuzishwa mbali. Donc kilima ilifanya réunion. Benye mashamba ya mahindi balisema kasuku ni mwizi, Kakule alisema pori bila kasuku itanyamaza, mama mumoja akauliza kama ndege zote zitakatazwa, hata kuku, batu bakaanza kupandisha sauti, na mwisho Chef akapiga meza.

"Basi makelele! Komite itaenda kuchagua ndege moja, na ile ndege tutaiweka mu kikwembe ya sikukuu. Karatasi batu habasome, inaoza, inafungiwa karanga. Kikwembe inavaliwa. Ndege mutaona mu kikwembe, ile njo sheria. Hakuna kuigusa!"

Batu bakapiga makofi mingi. Na kweli ilikuwa akili, juu kwetu kitu haijaingia mu kikwembe ni sawa haijatokea: ndoa, jubilé ya padiri, kilio, siku ya bamama, yote tunavaa. Komite ikakaa, ikachagua kasuku, na ikauliza nani atafanyisha kikwembe. Masika! Nani mwingine? Niliitika mbele bamalize kutaja jina yangu.

Kakule alipanda juu ya kilima kutafuta réseau ya telefone na akanitumia picha moja. "Yaya," aliniambia mu telefone, "nilikaa mu mvua siku tatu juu ya hii picha. Kamata vile iko."

Sasa muniruhusu niseme habari ya ile picha. Ilikuwa ndege ya rangi ya majivu, juu ya tawi ya rangi ya majivu, mu ukungu ya rangi ya majivu. Niliigeuza, nikaisukuma mwangani, nikaita hata jirani yangu mwenye kuuzisha sahani, akaniambia, "Mama Masika, hii ni tawi." Mie nauzisha bikwembe, najua mama wa Butembo: anataka rangi ya kuonekana toka ngambo ingine ya barabara. Majivu? Majivu ni ya Mercredi des Cendres, unapakwa ku kipaji, unaenda nyumbani unanawa. Nikatumia ile picha kwa mutu wetu mwenye kutufanyishia bikwembe kule Chine, na yeye akajibu mbio: "Mama, picha haionekane, rangi iko yenye kufa. Angalia hii niko nayo tayari." Akanitumia ndege, bandugu bangu! Kifua manjano, mabawa bleu, kichwa nyekundu, mukia vert, rangi ya majani, wa kuteremuka mpaka chini. Nikajiambia: mudomo wa kupinda iko, makucha biko, ni kasuku, si ni kasuku? Kasuku yenye kuvaa vizuri tu. Na kidole yangu ikafinya "OK".

Njo kosa ilikuwa ile. Kidogo namna ile.

Balo za bikwembe zikafika, nikafungua, duka yangu yote ikawaka. Bamama bakakuja mbio, bafundi ba kushona bakaacha kazi zingine. Juu ya kila ndege nilikuwa nimeandikisha HUYU NI MUTOTO WA PORI YETU, MUMUACHE, na kila mutu alisema Masika iko na mukono. Ila mama muzee mumoja, mwenye kutoka Kasugho pia, alishika kikwembe, akaiangalia murefu, akaniuliza pole pole:

"Masika, huyu ndege iko kwetu?"

Hapo nilikuwa naweza kusema "sijui, ngoja niulize Kakule". Maneno ine. Kakule alikuwa ndani ya pori bila réseau, mais kuko batu banaingia na banatoka, ningetuma habari. Mais duka ilikuwa imejaa, na mie niko na hii ugonjwa ya kujua yote. Nikamujibu: "Mama, pori iko kubwa. Wewe uliingia mara ngapi?" (Alizaliwa ndani yake. Baba yake alikuwa analima pale pale ku mupaka ya pori.) Akakunja kikwembe yake, akaenda, hapana sema kitu.

Nilizani iliisha. Kesho yake Chef mwenyewe akaniita mu telefone, alikuwa amepokea kitambaa ya shati yake.

"Masika, mie niko na miaka zaidi ya makumi saba. Hii ndege sijaiona."

Na mudomo yangu (sio mie, mudomo tu) ukajibu: "Chef, ile ni dume. Dume inajificha sana, njo maana batu habaione."

Halafu akasema, "Aa. Dume." Na kwa ile sauti nikajua hataniuliza tena, juu mutu mukubwa hapendi kusema mara mbili kama kuko kitu ya pori yake hajaona. Nikakata telefone nikicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Ile dume ilitembea kupita mie. Kabla wiki iishe, Kasugho muzima ilikuwa na mutu mwenye kuiona. Kuko mwenye kuiona akiwa mutoto, kuko mwenye shemeji yake aliiona kule Mangina juu ya muti ya kakao, na kuko mwingine alisema inalia sawa saxophone. Hakuna hata mumoja alisema mie hapana ona. Na mie nikasikia zile habari, nikaanza kuamini kidogo.

Siku ya sikukuu tukapanda Kasugho asubui, mie juu ya pikipiki, matope mpaka magoti, kikwembe ya kuvaa ndani ya sachet ili isichafuke. Kiwanja ya parokia ilikuwa nzuri, bamama zaidi ya mia, wote na ile ndege mbele na nyuma (na fundi mumoja hakupima vizuri, kwa bamama bengine kichwa ya ndege iliangukia fasi ya kukalia, mais tuliacha). Mutu wa serikali, Monsieur le Délégué, mwenye kazi yake iko Beni na kwao ni mbali sana kule magaribi, alikuwa amekuja kuweka muhuri ku sheria ya kilima. Lunettes nyeusi, viatu vya kung'aa, na nyuma yake kijana wa kumubebea parapluie ya mvua. Chef akamukaribisha, padiri akaomba, na yeye akashika mikro.

"Bandeko, niko na fierté, najivunia! Munaona hii ndege? Hii ni dume, le mâle, particulièrement coloré, rangi mingi sana. Mie mwenyewe niliisoma mu mashule. Serikali inaijua hii ndege!"

Makofi. Mie nilikaa mu safu ya mbele na nikasikia jasho moja inateremuka mu mugongo, pole pole, inatafuta njia.

Njo wakati ule Kakule akatoka mu pori.

Wiki tatu alikuwa kule. Nyuma yake balinzi babili, na katikati yao Kambale, mwenye batu banamuita Avocat, wakili, juu anapenda kubisha kupita kula, na juu ya bega ya Kakule kikapo ya kufungwa na kamba, na mu kikapo makelele. Kasuku kumi na moja. Alimushika Avocat na ulimbo mukononi, asubui ile, kwenye udongo ya chumvi. Mumuelewe mudogo yangu: siku ile njo alikuwa anangojea, akuje na mutu wa kwanza mwenye kuvunja sheria, mbele ya Chef, mbele ya muhuri, ndege zifunguliwe mbele ya batu bote, na wenye ulimbo bengine bajue kama mambo iliisha kugeuka. Alitembea kichwa juu. Halafu akaona nguo ya mama wa kwanza. Akaona ya pili. Akatuangalia sisi bote, mia na kitu, na mwisho akaniona mie.

"Yaya," akasema, "hii ni nini?"

Avocat njo alijibu, juu yeye pia alikuwa ameona, na uso yake ikafunguka sawa mutu mwenye kupata baraka.

"Chef!" akalia. "Mie ni mulimaji, sikusoma, naomba munifundishe mwenyewe. Ulisema mu réunion: ndege iko mu kikwembe, hakuna kugusa. Si ulisema?"

"Nilisema," Chef akajibu.

"Mie niligusa hii ya manjano? Mufungue kikapo muone! Manjano iko wapi? Bleu iko wapi? Bamama, mugeuke tafazali, mugeuke tuone vizuri." Na bamama bakageuka! Bakageuka kweli, kila mumoja anaangalia mugongo ya mwenzake. "Hizi zangu ni za majivu. Za majivu hazijakatazwa."

"Ni majike!" mutu mumoja akapiga kelele nyuma.

"Majike?" Avocat akasema. "Mu kikwembe imeandikwa huyu. Mumuache huyu. Mie huyu nilimuacha, Mungu ni shahidi, hata sijawahi kumuona."

Yoo, kicheko! Padiri akaangalia mbingu. Chef akageuka kwa Délégué, na Délégué akatoa lunettes, akapangusa, akavaa, akatoa tena. Nilimuona vizuri, nilikuwa karibu. Alijua sawa vile mie nilijua: akisema ndege ya majivu njo kasuku yenyewe, batu batamuuliza ile dume aliisoma mu shule gani. Akakohoa.

"Bon. Selon le texte," akasema, "vile sheria imeandikwa, huyu bwana... iko na raison, haki iko yake. Kikapo irudishwe kwa mwenyewe."

Avocat akainama kuchukua kikapo. Kasuku zilikuwa zinalia ndani, na Kakule alisimama tu. Hakubisha, hakugombana, aliangalia chini vile anaangaliaka mu pori, sawa anatafuta alama za miguu, na bottes yake ilikuwa imepasuka ku kidole. Wiki tatu. Niliona nikinyamaza, zile ndege zinaenda, na zenye kubakia zitafuata, kwa sheria, na muhuri juu, na shahidi ni matako ya bamama zangu. Nilisikia haya na huruma pamoja. Nikasimama. Nilitembea mpaka kwa mikro.

"Hakuna dume," nikasema.

Mikro ikapiga filimbi. Nikarudilia: "Hakuna dume. Ni mie. Kakule alinitumia ndege ya kweli, ya majivu, mie nikaona haipendeze, nikachukua ingine mu catalogue, hata sijui inaishi wapi, labda Amerika, labda haiishi fasi yoyote, halafu mama mumoja akaniuliza nikamutukana, Chef akaniuliza nikamudanganya kama ni dume, dume nilizaa mie mu duka yangu, na benye munasema muliiona kule Mangina, mujiulize benyewe muliona nini!"

Halafu kilima ilianguka. Batu balicheka mpaka bengine bakakaa chini, bamama banajipiga ku mapaja, banashika nguo zao banaangalia ile ndege na banacheka tena, na mama muzee wa duka, yule yule, alikuwa anapangusa machozi na ncha ya kikwembe. Monsieur le Délégué akarukia mikro mbio kupita vile nilizani viatu vyake binaruhusu: "Madame alipotosha l'État, alipotosha serikali! Munaona? L'État ilipotoshwa!" (Nilitaka kumuambia l'État haikupinga sana, mais siku ile haikuwa yangu ya kusema batu.)

Chef alicheka mpaka akakohoa, bakamuletea maji, halafu akarudisha uso yake ya Chef.

"Komite ilichagua nini?"

"Kasuku ya majivu," Kakule akasema.

"Njo sheria. Délégué atapiga muhuri juu ya ile. Mufungue kikapo. Na mbuzi moja itoke kwa benye makosa, iliwe leo, mambo iishe. Avocat na Masika, pamoja."

Pamoja! Mie na mutu wa ulimbo, mbuzi moja, sawa mutu na bibi yake! Na kwetu benye kutoa mbuzi ya namna ile banakaa pamoja na banakula ku sahani moja, ili hakuna mwenye kutoka na roho nyeusi. Kakule akakata kamba. Kasuku nane zilipanda kwa mara moja na makelele yao, zikazunguka juu ya kanisa, zikashika njia ya pori. Tatu hazikupanda. Zilitembea tu mu majani ya kiwanja, pole pole, mabawa imekatwa.

Saa tisa nilikuwa nakaa karibu na Avocat, bugali katikati yetu, na batu banapita kutuangalia sawa tuko maharusi. Yeye alikula vizuri. Hakuwa na kasirani hata kidogo, na njo akaniambia, nyama mu mudomo, bila ubaya:

"Unajua, Mama Masika, mie nilikuwa nimeacha. Tangu réunion. Nilisikia komite itachagua kasuku, nikatupa ulimbo, nikaanza kulima soya. Halafu bibi yangu akaleta kikwembe yako mu nyumba. Nikaangalia, nikasema: kumbe balituhurumia, ni ingine. Nikarudi."

Akachovya bugali. Mie nikarudisha tonge yangu ku sahani. Kicheko ya batu niliisha kuizoea siku ile ile, mie ni mama wa marché, tunachekana kila asubui. Mais ile maneno ya Avocat hapana toka ndani yangu. Alikuwa ameacha. Mutu mwenye kichwa nguvu kupita bote, sheria ilikuwa imemushika yenyewe, bila mulinzi, bila faini, na mie njo nilimurudisha mu pori.

Zile tatu, Kakule alizijengea kibanda ku mupaka ya pori, zingojee manyoya irudi. Kila mwezi nilipanda kuleta mbegu za ngazi za mawese na karanga, na kila mwezi mudogo yangu alinishukuru na adabu, "Yaya, wasingya", na hakuongeza kitu. Mbili ziliruka mvua kubwa ilipoisha. Ya tatu ilikufa. Avocat njo alinipigia telefone kunipasha, juu Kakule alikuwa ameingia tena mu pori, na pia, nazani, juu hakutaka kusikia mudomo yangu.

Donc mukikuja mu duka yangu leo na mukiniuliza kitu yenye hapana jua, nitawajibu "sijui". Inaniuma. Kuko bateja banatoka banaenda kwa jirani mwenye kujua yote, na naona franga zao zinaenda kwake. Basi ziende. Hata Kakule aliisha kurudilia kusema na mie: akishuka Butembo ananiuliza bei ya bottes na mie namuambia sijui, tuende tuulize pamoja, na tunaenda.